Jinsi Thadeo Mng'arisha Paa Alivyoizunguka Nyumba Yake Mwenyewe

Sogeeni, wenye masikio! Aliye na jembe aliweke chini, anayechambua pamba aifunike kwa gunia isipeperuke, na wewe mama uliyeinjika chungu, mwambie mwenzio akuangalizie moto, kwa maana ninayotaka kuyanena si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nitamnena Thadeo mwana wa Kwangu, Thadeo Mng'arisha Paa, ambaye nyumba yake ilimetameta kando ya njia kuu ya Musoma hata madereva wa malori wakafinya macho. Nitanena jinsi alivyosimama mbele ya kijiji kizima cha Nyarusanda, katika mwaka wa nne tangu Azimio litangazwe, akatembea hatua mia moja na ishirini, akaizunguka nyumba. Ewe ulimi wangu, usinikwame! Wako watakaocheka, najua. Wacheke tu, mimi naendelea.

Vita vyake vilianzia kwenye paa la shule, au niseme kwenye kukosekana kwake, kwa kuwa darasa la tatu la shule ya kijiji lilikuwa na kuta nne zilizosimama wima, dirisha na mlango, na juu yake mbingu ya Mwenyezi Mungu. Basi Jumamosi moja, saa nne asubuhi, wananchi wote wakakusanyika ndani ya darasa hilohilo, jua likiwapiga utosini, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwikwabe, mtu wa maneno machache na koo lenye kikohozi, akasoma ajenda ya tatu: kuwatoza mabati wale wanaosomesha watoto wao shule za kulipia na walio na mapato makubwa. Mabati manne kila mmoja. Hapo watu wakaacha kupiga miayo.

Waliosomesha shule za kulipia walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Bernado, karani wa jinari, kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda, mtu wa mshahara. Wa pili alikuwa Leonardi, balozi wa nyumba kumi, simba wa mikutano, ambaye sauti yake ilifika mahali kabla ya miguu yake. Na wa tatu ndiye Thadeo wetu, kwa sababu binti yake Hyasinta alifaulu darasa la saba pamoja na wenzake wanane, nafasi ya sekondari ya serikali ikawa moja tu, ikaenda kwa mwingine; baba mtu akaapa kwamba mtoto hatarudi kupalilia pamba, akampeleka shule ya kulipia huko Musoma. Muhula wa kwanza ulilipwa. Wa pili ulikuwa unangoja ndani ya magunia mawili ya pamba, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kurudi shule.

Leonardi akainuka, akapandisha suruali, akanguruma.

“Ndugu wananchi! Tumeapa kuwa watu wote sawa. Sasa usawa gani huu, mtoto wa huyu anakalia dawati huko Musoma, mtoto wa yule anahesabu mawingu hapa darasa la tatu? Mtu anayeweza kulipa ada kule anaweza kutoa bati hapa! Hata mimi kijana wangu anasomaga shule ya kulipia, sijifichi. Ila tusimwonee mnyonge, ndugu zangu. Alipe yule mwenye kipato kikubwa!”

“Na kipato kikubwa tutakijuaje?” akauliza Mzee Mwikwabe.

“Hakifichiki, mwenyekiti. Kinakaaga juu ya nyumba. Mwenye bati atoe bati. Mwenye nyasi, tumwache na shida zake.”

Makofi yakalia. Leonardi akaketi, naye akatazama nje kwa huzuni kuelekea nyumba yake mwenyewe, iliyoezekwa kwa nyasi za zamani, zimelala kinyonge kabisa.

Bernado karani hakusumbua mtu. “Mimi napokeaga mshahara, kila mtu anajua,” akasema. “Nitatoa manne. Endeleeni.”

“Bado mmoja,” akasema Mzee Mwikwabe, na vichwa mia mbili vikageukia dirisha, kwa kuwa ng'ambo ya barabara, moja kwa moja mbele ya macho yao, paa la Thadeo lilikuwa likiwaka jua.

Sasa nikuambieni siri aliyokuwa nayo shujaa huyu moyoni, nanyi msimcheke bado. Mgodi wa Kiabakari ulipofungwa, Thadeo alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake, akanunua mabati. Nyumba ilitaka kumi na mawili, fedha ikatosha sita. Mtu mwingine angengoja. Thadeo hakungoja, akayapigilia yote sita upande wa barabarani, na upande wa nyuma akaacha nyasi zilezile. Kisha akatangaza, “Nimeezeka!” Na kwa kuwa huko kwetu mwanaume hazunguki nyuma ya nyumba ya mtu bila kualikwa, maana huko kuna bafu na mambo ya kina mama, miaka mitatu ilipita, yeye akiitwa Mng'arisha Paa na kuitika, akipokea wageni mbele, akiwasindikiza kwa mbele, na akikohoa kwa nguvu kila mtu alipokaribia kona. Lo, majivuno haya! Yalimpendeza kuliko chakula.

Akasimama.

“Enyi wazee na ndugu wa Nyarusanda! Mimi nalima shamba la kijiji kama ninyi, natoa mchango kama ninyi, tena mtoto wangu hakuchukua nafasi ya serikali, kaichukua mwingine. Hiyo ada nailipa kwa jasho juu ya yote hayo. Leo mniongezee mzigo kwa sababu nimejibana? Mtakuwa mnamkamua ng'ombe mmoja mara mbili asubuhi moja!”

Watu wakanung'unika kwa kukubali, na kwa kitambo kidogo ushindi ulimkaribia hata akausikia harufu. Lakini Leonardi alikuwa hajachoka.

“Ng'ombe mwenyewe mbona ananenepa?” akapaza. “Ndugu Thadeo, paa lako linatuumizaga macho hata tukiwa shambani! Mnyonge gani huyo?”

Kicheko kikalipuka. Mzee Mwikwabe akakohoa, akasema, “Tupige kura. Wanaotaka Ndugu Thadeo atoe mabati manne wanyooshe mikono.” Na mikono ikaanza kuinuka, mmoja, mitano, ishirini, msitu mzima wa mikono.

Ee Thadeo! Mabati manne yalikuwa bei ileile ya magunia mawili. Alijua hilo kama anavyojua jina lake. Alijua pia kwamba Hyasinta alikuwa nyumbani saa ile, amekwisha kufua sare yake na kuianika. Angeweza kusema neno moja tu na kuokoka, neno dogo, “nusu”, lakini hakulitoa. Miaka mitatu ya kuitwa Mng'arisha Paa! Atawatazamaje wale waliokuwa wakimpisha kisimani? Aliona aibu, akaona hofu, na kusema kweli hofu ilikuwa ndogo.

Hapo sauti ikatoka upande wa wanawake. Ilikuwa ya Dafroza, mkewe, naye hata hakusimama.

“Baba Hyasinta,” akasema taratibu, “utasema wewe, au niseme mimi?”

Thadeo akavuta pumzi ndefu, ile ambayo mtu huvuta kabla ya kuingia ziwani alfajiri, akatoa mkono mbele kama jemadari.

“Shusheni mikono!” akanguruma. “Inukeni nyote! Nifuateni nyuma ya nyumba yangu!”

Wakainuka! Oneni jeshi hilo likitoka mlangoni, wazee na fimbo zao, kina mama na watoto migongoni, mwenyekiti na kikohozi chake, katibu na daftari lake. Na mbele ya wote Thadeo mwana wa Kwangu, peke yake, kichwa juu, masikio yakimwaka moto. Hatua hamsini, akavuka barabara. Hatua mia, akaupita mlango wake wa mbele bila kuutazama. Hatua mia na kumi, akaifikia ile kona aliyoilinda kwa kukohoa miaka mitatu, miguu ikataka kugoma, akaiamuru, ikatii. Hatua mia na ishirini, akasimama, akanyoosha kidole juu.

“Tazameni,” akasema. “Mimi ni mtu wa nusu.”

Wanaume wakaachama. Nyasi! Nyasi nyeusi, zilizooza, zilizobonyea katikati, na kuku mmoja amejipatia kiota juu yake. “Haki ya Mungu!” wakasema. “Nyasi?” Lakini wanawake, jamani, wanawake walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, kwa kuwa hakuna hata mmoja ambaye hakujua, wamepika huko nyuma kwenye misiba na harusi, wakayaona yote, wakanyamaza miaka mitatu kwa ajili ya Dafroza.

Mtu mmoja wa kule nyuma, wapo kila mkutano, akapendekeza kwamba nusu ya paa itoe nusu ya kodi. Mzee Mwikwabe akainama, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma, akakaa huko kitambo, akatoka ameshika ndoo yenye maji ya mvua ya juzi.

“Nimeikuta kitandani,” akasema. “Mwenye kipato kikubwa halali na ndoo. Ndugu Thadeo hatoi kitu.”

Dafroza akapiga kigelegele cha kwanza. Lakini vita havikuishia hapo, maana Jenoveva, mke wa Leonardi, mwanamke mpole ambaye hakuwa amewahi kusema mkutanoni, alijitokeza mbele akijifunga khanga upya.

“Mwenyekiti, kama leo tunazunguka nyuma za watu, basi twendeni na kwetu.”

“Mama Wenceslaus!” Leonardi akamwita mkewe, sauti imepungua ghafla. “Rudi huku!”

“Sirudi. Nyuma ya ule ua wa minyaa mume wangu amejenga banda la pamba. Mabati kumi na nane, nimeyahesabu nikiwa nimelowa. Pamba inalala pakavu, mimi na watoto tunahamisha mikeka usiku kucha. Kama bati ndiyo kipato, hicho hapo.”

Sitawachosha kwa habari za safari hiyo ya pili; jueni tu kwamba ilikwenda kwa mbio, na kwamba Leonardi, simba wa mikutano, alitembea nyuma kabisa ya msafara. Banda lilikuwepo. Mabati yalikuwa kumi na nane. Akatoa manne kwa darasa la tatu, na Jenoveva akasimama papo hapo mbele ya kijiji akadai sita kwa chumba cha kulala, akayapata, kwa kuwa mume hakuwa na pa kuficha uso.

Na katibu akafungua daftari la kijiji akaandika kwa wino, mpate kujua kwamba sizushi: *Ajenda ya tatu. Ndugu Thadeo alizungusha wananchi nyumba. Imeazimiwa kwamba kuanzia leo mtu atapimwa kwa nyuma.* Hadi leo huko Nyarusanda ukimwuliza mtu mwanawe alizaliwa lini, atakwambia ni mwaka ule Thadeo alipozunguka, au ule uliofuata, na hakuna atakayeuliza ni Thadeo gani wala alizunguka nini.

Jioni ile Hyasinta alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuwahi kukaa hadharani.

“Baba,” akasema, “mimi shuleni niliwaambiaga nyumba yetu ni ya bati.”

“Na sasa utawaambia nini?”

Binti akafikiri. “Nitawaambia ya kwetu ni nusu. Nusu nyingine ndiyo ada yangu.”

Thadeo Mng'arisha Paa, aliyelikabili jeshi la watu mia mbili bila kutikisika, akalia waziwazi, wala hakuona haya. Na Jumatatu, saa moja asubuhi, magunia mawili ya pamba yakapakiwa kwenye lori, na Hyasinta binti Thadeo akapanda juu yake, akaenda shule.