Ndovu Anavuta kwa Mbele

Jumatatu, 5 Mei

Ndovu analia. Ndovu ni gari yangu, ile ya zamani ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na ndiyo kampeni yangu nzima. Jumamosi wakulima wa kituo chetu cha majani chai, hapa nje kidogo ya Roret, wanachagua mwenyekiti. Nimeahidi kitu kimoja tu: lori la majani likikwama kwenye matope, Ndovu atalitoa. Majani hayatalala tena kituoni mpaka yageuke mekundu. Mpinzani wangu, mwalimu mstaafu Joab, ameahidi uaminifu. Uaminifu! Lori litavutwa na uaminifu?

Leo kila nikiachilia klachi, chini kunagonga: kwong! Nikipunguza mafuta: kwong! Nimempitia fundi Nyang'au sokoni. Akaingia chini, akashika propela ya nyuma, ile nondo nene inayopeleka nguvu ya injini kwa magurudumu, akaitikisa kama mkono wa mgeni kanisani. Akasema krosi zimekwisha, yaani vile viungo vya huku na huku vinavyoiacha propela ijipinde. Akauliza nilitia grisi lini mara ya mwisho. Nikamwambia hayo ni mambo ya kibinafsi.

Anataka gari ikae kwake mpaka Alhamisi. Juu ya mawe! Mbele ya soko lote! Nani atampigia kura mtu ambaye gari yake imepandishwa mawe? Nikasema nitafikiria. Nimeshafikiria. Nitaitengeneza mwenyewe, nyuma ya zizi.

Jumanne, 6 Mei

Nimenunua krosi Kericho, si hapa, nikiwa nimevaa kofia ya mvua ya Chelangat, mke wangu. Hakuna aliyenitambua isipokuwa muuza spea, mwenye hoteli na pasta wetu. Pasta akasema kofia inanipendeza.

Propela imetoka bila shida. Kazi ni kuingiza krosi. Ina vikombe vinne, na kila kikombe kina vijisindano vya chuma vilivyojipanga ndani, vimeshikwa na grisi tu. Nikapiga nyundo. Kikombe kikaruka, vijisindano vyote vikamwagika kwenye chakula cha ng'ombe. Nimechunga chakula hicho chote kwa chujio la chai, maana ng'ombe akimeza chuma nitaulizwa mimi. Nimepata karibu vyote. Pengo nikalijaza na vijiti vya kuchokolea meno. Vilikaa vizuri kabisa mpaka nyundo ya pili. Kikombe kimepasuka.

Chelangat akauliza kama hakuna mtu wa kunisaidia, kwa mfano fundi. Nikamwambia hii ni siri ya kampeni. Propela nimeilaza kwa ndama, nikaifunika na gunia. Chai ya jioni ilikuwa na ladha ya chakula cha ng'ombe. Nikaongeza sukari.

Jumatano, 7 Mei

Nimeamka na akili! Gari ya magurudumu manne ina propela mbili. Ya nyuma imelala kwa ndama, sawa, lakini ya mbele iko. Nikaisukuma ile gia fupi yenye kichwa chekundu, ambayo huwa inaita magurudumu ya mbele kazini, nikaachilia klachi polepole. Ndovu akaondoka! Anavuta kwa mbele peke yake, na chini kimya kabisa. Nimeponya kelele kwa kutoa kile kinachopiga kelele. Sijui kwa nini mafundi husumbua watu.

Nimepita mbele ya boma la Joab mara kadhaa. Alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa, lakini najua alisikia ule ukimya.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Lori la majani limezama mpaka ekseli pale kwenye kona ya chini. Kijiji chote kikaja kunigongea mlango, wengine wakipiga makofi tayari.

Hapa nilifikiria haraka. Ndovu wa magurudumu mawili ya mbele hawezi kuvuta lori kwenye matope, hata kuku atateleza pale. Nikatoka barazani nikawaambia kwa huzuni kwamba mikono yangu imefungwa. Kuvuta lori siku mbili kabla ya uchaguzi ni kuwahonga wapiga kura. Nikasema afadhali nishindwe kuliko nichafue kura yenu. Mzee mmoja akavua kofia.

Lori lilisukumwa na Joab pamoja na watu wake. Nimeambiwa Joab aliteleza akalala kifudifudi kwenye matope, akainuka akaendelea kusukuma. Huo nao ni uchafu wa kampeni, kwa maoni yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Kampeni inaenda vizuri mno. Watu wanasema Gibson, yaani mimi, ana msimamo.

Jambo moja tu. Nyang'au alinisimamisha barabarani akasifu gari ilivyonyamaza. Akauliza ni fundi gani. Nikasema ni mimi. Akaanza kuinama kuangalia chini. Mimi huyo, nikaondoka! Akanikimbilia huku akipiga kelele kuhusu hendibreki. Nikaiangalia, nikaona imeachiliwa sawasawa. Nikacheka. Wivu wa kazi ni kitu kibaya.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa nimeketi, kwa sababu kusimama kunanikumbusha laini.

Kura yetu ni ya kupanga laini. Karani Mongina, yule anayetupimia majani, ndiye aliyesimamia. Akaeleza kwamba kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, na filimbi ikilia hakuna kuhama, utahesabiwa pale ulipo. Joab akajisimamia tu kando ya banda la kupimia majani. Mimi nikaomba watu wangu wapange laini nyuma ya Ndovu, niliyemwegesha kwenye mteremko, uso juu. Nikavuta hendibreki mpaka ikalia. Nikaitoa pia ile gia nyekundu, maana magurudumu ya mbele yamefanya kazi ya wote wiki nzima, nayo yapumzike. Nikapanda juu ya boneti.

Ai, laini yangu! Iliteremka mpaka getini. Ya Joab ilikuwa ya jamaa zake na watu wachache wenye matope. Machozi yalinilenga. Mongina akaweka filimbi mdomoni.

Ndovu akaanza kurudi nyuma. Polepole, kwa heshima, kama mtu anayetoka kwa wakwe. Watu wakapiga mayowe, wakakimbilia mahali pa karibu palipo salama, yaani kando ya banda. Mimi nikaruka kutoka boneti, nikakimbilia huko huko. Ndovu akapita katikati ya laini yangu, ambayo haikuwepo tena, akaingia kwenye majani chai akatulia. Na Mongina, kwa kushtuka, akapiga filimbi.

Tulihesabiwa. Wote kando ya banda. Mongina aliponifikia akaniangalia, akanihesabu na mimi. Nimempigia Joab kura.

Kwenye laini yangu alibaki mtu mmoja. Chelangat. Alikuwa ameshika jiwe kubwa, anahema. Kumbe kila siku akimlisha ndama anaiona ile propela, na leo alimuuliza Nyang'au. Nyang'au akamwambia hendibreki ya gari hii haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma. Bila hiyo propela, na ile gia nyekundu ikitolewa, hakuna kinachoshika kitu. Akaja mbio na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Amechelewa kidogo tu.

Nimeona aibu. Nasema hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliitaka kazi hii. Nilitaka siku moja ya mvua watu waseme Gibson ametoa lori. Chelangat hakunicheka. Aliweka jiwe chini, akaniambia twende nyumbani tukanywe chai.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya kanisa, mwenyekiti Joab alikuja na watu wake wakamsukuma Ndovu kutoka kwenye majani chai. Akanipa mkono akanishukuru kwa kura yangu. Nyang'au naye alikuja na krosi mpya mfukoni, akasema ataifunga leo leo, hapa hapa, hakuna mtu ataona. Nikakataa kwa upole. Siwezi kuanza kampeni ya uchaguzi ujao kwa kutegemea watu.

Nikarudi na Ndovu nyumbani, ile gia nyekundu ikiwa ndani. Karibu na lango nikasikia kitu. Kwong! Mbele, si nyuma. Krosi za propela ya mbele nazo zimeanza.

Lakini sasa sitishiki. Dawa ya kelele hiyo ninaijua, na spana ninazo. Chelangat akauliza nitaifungua lini hiyo nyingine. Nikamwambia kesho asubuhi.

Ametoka nje kutafuta jiwe kubwa zaidi.