Ombi la Kuwaondoa Jamaa Kwenye Somo la Kujilinda

Kwako Mwalimu wa darasa la kujilinda, ukumbi ulio nyuma ya gereji,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mzazi. Mimi ni kinyozi, baba wa yule binti mrefu anayefanya kazi duka la dawa. Nilimleta kwako mwenyewe, kwa hiari yangu, baada ya wezi kumpora simu mchana kweupe. Nia yangu ilikuwa njema. Matokeo yake yamenishinda, na kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, nayaweka wazi.

1. Hakuna matofali. Nilikwishawatangazia wateja wangu kwamba binti atavunja tofali kwa kiganja, na fundi ujenzi mmoja akaleta mawili, mazuri. Binti alipoombwa aonyeshe alichojifunza, alitazama mlango uko wapi, akatoka mbio hadi barabarani penye watu. Akarudi akihema na kutueleza kuwa hilo ndilo somo la kwanza, na kwamba ukiweza kuondoka umeshashinda. Najua kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Lakini kicheko chenyewe kilikuja dukani kwangu, na hakijaondoka.

2. Umemfumbua macho kupita kiasi. Hatembei tena na hedifoni masikioni, anakaa akielekea mlango, na kila anayeingia anamkagua mikono. Kwa wezi ni sawa. Lakini sasa ameona pia kwamba siku ninazosema nimecheleweshwa na wateja, naingia nikinuka bia. Hilo halikuwa kwenye makubaliano yetu.

3. Kelele. Ulimwambia aizoeze sauti yake, kwa kuwa mshambuliaji hapendi mashahidi. Akaizoeza uani. Aliposema "Rudi nyuma!" mara ya kwanza tu, majirani walikuja na mipini ya majembe, na fundi bomba akaja amejifunga taulo tu. Nimeeleza mpaka nimechoka, lakini mke wa fundi bomba bado ananitazama kama mtu aliyetoroka jela.

4. Ulisema mbinu usiyoijaribu kwa mtu anayekukatalia kweli ni mchezo wa harusini. Kwa hiyo akatafuta mtu mzito na mbishi, akanipata mimi. Nilimshika mkono kwa nguvu zangu zote. Akauzungusha kuelekea kidole gumba changu, mahali ambapo mshiko ni dhaifu, akachomoka, nami nikakaa ndani ya beseni la nguo, mkono umeteguka. Kesho yake mteja alitoka dukani na sharubu za upande mmoja.

5. Hayo yote ningeyameza. La tano limenikwama. Umewaambia mabinti kuwa anayekudhuru mara nyingi si mgeni wa gizani, ni mtu anayejua sukari inakaa wapi jikoni kwenu. Na kuwa neno hapana linajitosheleza, halidai maelezo. Mwalimu, kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Huja kwangu kila Jumapili, na ana desturi ya kukumbatia watu kwa muda mrefu, hasa mabinti, kwa mapenzi tu. Jumapili iliyopita binti alirudi nyuma, akainua viganja mbele ya kifua, akasema wageni wakisikia kwamba baba mkubwa salamu inatosha, asimshike. Chai ilipoa mezani. Kaka kasema nyumba yangu haina adabu, na Jumapili hii binti apige magoti amwombe radhi mbele ya ukoo, la sivyo tusijuane. Binti amekataa kwa neno lako lile lile, bila maelezo.

Kwa hiyo naomba urekebishe masomo. Mabinti wafundishwe kujilinda na watu wasiowajua tu, ikiwezekana wenye makovu usoni, wanaovamia mbali na nyumbani na kutoa taarifa mapema. Jamaa waondolewe kabisa. Wakubwa wa ukoo wapewe kibali chenye mhuri wako, ambacho binti akionyeshwa atashusha mikono. Na ikitokea mtu wa nyumbani amefanya jambo baya, ambalo kwetu haliwezekani, binti asubiri kikao, maana nyumba husitiri mambo.

Nisalimie wanafunzi wote, mlinzi wa ukumbi, na yule mama anayejifunga mito ili apigwe mateke.

Ni mimi, mwenye mkono uliofungwa bandeji,

Baba wa mwanafunzi wako.

Baada ya sahihi: Nilimpa mke wangu barua hii anisahihishie. Aliisoma yote, kisha akauliza kama mnapokea wanawake wa umri wake. Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwamba tangu nimuoe, kila shemeji yake akiketi sebuleni, yeye hutafuta viazi vya kumenya, hata kama tumeshakula, ili awe na kisu mkononi. Miaka yote hiyo nimemsifu kwa watu kuwa mke wangu hachoki na wageni. Nimeona aibu kubwa, Mwalimu. Binti hatamwomba mtu radhi. Karatasi nyingine sina, hivyo tafadhali futa malalamiko na ombi, ubaki na salamu. Jumamosi tutakuja watatu, mama, binti na mimi. Mimi unianzishie kwenye sauti, kwa sababu Jumapili kaka atabisha hodi, na wa kumwambia arudi alikotoka ni mimi. Tangu jana nalijaribu neno lako la hapana peke yangu dukani, na bado halijatoka.