Vifungo vya Koti la Babu

Jumatatu, 4 Machi

Leo maisha yangu yalipata mwelekeo. Kufika saa sita mchana yakaupoteza.

Shangazi, ambaye ni fundi cherehani na anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, amenunua cherehani ya pili na anataka mwanafunzi mmoja. Tumejitokeza wawili: mimi, niliyemaliza shule bila kunyoosha mkono darasani hata mara moja, na binamu yangu Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hata betri zikiisha yeye anaendelea. Shangazi kasema hataki maneno, anataka kazi. Tunamshonea Bibi blanketi la viraka kutokana na nguo za marehemu Babu. Redio anaunga viraka. Mimi nimepewa mapambo: utepe, lesi, na vifungo sita vya kufungia mifuko iliyobaki kwenye viraka. Jumamosi Bibi anakuja kulichukua. Atakayefanya vizuri zaidi atakalia kiti cha cherehani ya pili.

Koti la Babu lina vifungo vitano vya pembe. Cha sita kilipotea zamani. Nitafute kinachokaribiana navyo, alisema Shangazi, nieleze tu dukani: pembe, kahawia, matundu manne. Nieleze! Mbele ya watu! Nikabuni mpango. Nikakata kifungo kimoja kwenye koti kiwe mfano. Mfano hauhitaji maneno.

Nilikiweka juu ya kaunta, nikakisogeza kwa kidole. Mwenye duka, mama mwenye mkasi unaoning'inia shingoni, alikitazama, akanitazama, akasema kumbe bado wapo watoto waliolelewa, wengine wakiokota kifungo cha watu wanatia mfukoni. Akakitupa kwenye mtungi wa kioo wenye vifungo kama elfu moja.

Nikasema asante. Nikaondoka.

Jumanne, 5 Machi

Mpango mpya, usiovuja. Nimekata kifungo cha pili, nikakishona juu ya kitambaa cheupe na kubandika karatasi: NATAKA KAMA HIKI. Hapo nani atasema nimekiokota?

Duka lilijaa. Nikasimama pembeni mwa kaunta nikingoja watu wapungue. Hawakupungua. Mama mmoja akaniomba nimpimie mita tatu za lesi. Nilitaka kumwambia sifanyi kazi pale. Ulimi ukagoma. Lesi ilikuwa mbele yangu, na fimbo ya kupimia pia. Nikapima. Nikakata. Ilinyooka kama rula, nasema kweli. Akaja wa pili, akitaka utepe mwekundu. Mwenye duka alidhani nimeletwa na msaidizi wake. Msaidizi alidhani nimeletwa na mwenye duka. Nikahudumia watu saba.

Wa nane akakiona kifungo changu. Akauliza kama vipo vingine. Nikatikisa kichwa. Basi, akasema, atachukua hicho hicho, kitafaa kwenye pochi yake. Akalipa. Nikamfungia mwenyewe kwa karatasi yangu, na kumwambia karibu tena. Ndiyo maneno pekee niliyotamka siku nzima.

Jumatano, 6 Machi

Redio amehesabu vifungo. Hakutumwa na mtu! Akatangaza mbele ya Mama na Shangazi kwamba vitano vimekuwa vitatu. Nikasema panya. Shangazi akauliza ni panya gani huyo anayekata uzi kwa mkasi. Redio akasema labda naye anataka kiti. Mama akacheka. Mama yangu mzazi!

Kisha Shangazi akasema kwa upole, jambo lililoniumiza kuliko kelele, kwamba vifungo vile Babu alivichonga kwa mkono wake, na kama najua viliko niseme. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema nitavitafuta.

Alivichonga mwenyewe! Natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hata ardhi ingetaka kwanza nieleze shida yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Supamaketi! Unachukua, unalipa, huongei na mtu. Nimepata utepe, lesi na pakiti ya vifungo vitatu vya plastiki. Vyeupe, bahati mbaya. Nimevipaka dawa ya viatu ya kahawia, mara tatu. Ukivitazama kwa mbali huku umefumba jicho moja, ni ndugu wa baba mmoja na vile vya Babu. Nimevishona vyote sita. Utepe wangu umekaa sawa. Viraka vya Redio vinapanda mlima na kushuka. Naanza kuwa na matumaini. Dalili mbaya.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi alilitandaza blanketi mapajani. Akalinusa. Akasema ajabu, marehemu hakuwahi kupaka viatu dawa hata siku moja. Akagusa kifungo, akajifuta chozi, akabaki na mstari wa kahawia shavuni. Kisha akaifuta ile kahawia kwa lesi yangu.

Hata Redio alizima.

Nikalia. Kila kitu kikatoka kati ya kwikwi: mtungi, pochi, panya. Sijawahi kutoa hotuba ndefu namna ile. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini sikufungua mdomo siku ile ya kwanza. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Tulikwenda dukani wote watatu, Bibi, Shangazi na mimi. Bibi akamwaga mtungi mzima juu ya kaunta na kukipata cha kwanza kwa kupapasa tu. Cha pili kimekwenda na pochi ya mtu nisiyemjua. Bibi alisema basi, yamepita. Macho yake hayakusema basi.

Mwenye duka alimwambia Shangazi kwamba lesi niliyokata Jumanne ilinyooka kuliko zote za msaidizi wake. Shangazi akafikiri njia nzima. Tulipofika nyumbani, akatazama viraka vya Redio, akaguna, akasema kiti ni changu kwa wiki moja ya majaribio: mkono ninao, nifundishwe mdomo. Sharti ni moja. Jumatatu niende dukani mikono mitupu, niombe kwa sauti mita mbili za utepe wa satini, rangi ya maziwa, wa kumalizia gauni la bibi harusi. Nimeapa.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Naomba utepe wa satini. Hata kioo kimenionea huruma. Na wakiniuliza maziwa gani? Mabichi? Ya unga? Mbele ya watu wote wale?

Gauni linaning'inia chumba cha mbele. Mwenyewe anakuja Jumanne. Nimekata kipande kidogo tu cha mfano, cha ukubwa wa ukucha, ndani ya pindo. Mkasi uliteleza kidogo. Mkato haukufika gotini.

Ukitazama kwa mbali, huku umefumba jicho moja, huoni kitu.