Rada Yazinduliwa kwa Mheshimiwa

Umma ulitangaziwa kwamba bomba la maji lililopotea sasa litasakwa kisayansi. Halikuibwa, wala hakuna aliyezembea. Lilipotea tu, kama mbuzi. Mheshimiwa Laurence, mwenyekiti wa Kamati ya Kusaka Bomba katika kijiji kimoja njia ya Kabungu, alilisoma tangazo hilo mwenyewe kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikampendeza.

Kabla sayansi haijafika, Kamati ilishapata jibu: bomba limekaliwa na nyumba ya Edina, mjane mwenye shamba la mahindi, ndiyo maana maji hayawafikii watu. Ukuta wake ukapigwa X nyekundu.

"Mkinibomolea niende wapi na wanangu?" aliuliza Edina.

"Mama, hili ni suala la kitaalamu," alisema Laurence. "Hata mimi linaniuma."

Rada ikaja kutoka Mpanda mjini, ikiburutwa na pikapu: sanduku pana lenye antena nyingi kwa safu, zinazopeleka mawimbi ardhini na kuchora kilichozikwa bila kugusa jembe. Fundi wake, Yunus, alitaka kuanzia kwa Edina.

Laurence nusura acheke. Tangu lini shughuli ya serikali ikaanzia kwa mlalahoi? Mgeni rasmi ni yeye, na uzinduzi hufanyika alipo mgeni rasmi. Basi utepe ukafungwa getini kwake, turubai likasimama, skrini kubwa ikawekwa ili wananchi wajionee. Akakata utepe.

Pikapu ikatambaa uani. Kwenye skrini ukajichora mstari kutoka barabarani, ukapita chini ya ukuta, ukaizunguka sebule kwa heshima zote, ukaishia kwenye mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba.

"Hiyo ni mizizi," alisema Laurence.

"Mizizi haipigi kona, mheshimiwa," alijibu Yunus.

 Laurence akaagiza skrini izimwe kwa sababu za kiusalama, ikazimwa. Lakini watu walishaona, na jembe halihitaji umeme.

Jioni hiyo walishalifukua bomba na kulikata, wakaweka koki ya wote palepale getini. Ndoo ya kwanza Edina aliichanganyia udongo, akaisiriba ile X mpaka ikafutika, roho yake kwatu. Aliporudi kuteka ya pili alimkuta Laurence amepenya mbele na ndoo yake, mabwawa yake yakiwa yameanza kupungua.

"Nyuma huko, mheshimiwa," alimwambia. "Wenzio wamewahi."