Ombi la Kumfelisha Mume Wangu Mtihani wa Nyuso

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Katuni za Kompyuta,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, na ni mke halali wa yule mwanafunzi wako mwenye mvi ambaye vijana wa darasani, nasikia, wanamwita Babu Nyusi. Nakuandikia kwa adabu zote kukuomba jambo moja: Ijumaa hii mtakapousahihisha mtihani wake, tafadhali mfelisheni. Afeli vizuri, bila nafasi ya kurudia, ili arudi kwenye kazi yake ya kuchora mabango ya maduka tuishi kama watu. Elimu siichukii. Sababu zangu ni hizi:

1. Mume wangu haoni tena watu, anaona misuli. Alipoanza kwenu aliniambia anajifunza kuitia sura ya katuni vishikizo vidogo: ukivuta hiki nyusi zinapanda, ukivuta kile shavu linajaa. Nikasema heri, ufundi ni ufundi. Sasa nikimweleza kwamba paa linavuja, ananikodolea macho kwenye paji la uso, anatikisa kichwa kwa furaha na kuniomba nikasirike tena, ila polepole. Paa bado linavuja.

2. Amemdhalilisha mama yake mzazi. Mama mkwe alikuja kutusalimia, mwanawe akamkalisha mbele ya simu na kumtaka aseme aa, oo, mm, fff, ili apate maumbo ya mdomo. Kwenye fff meno ya bandia yakadondoka. Mama wa watu alilia, jamani! Na yeye, badala ya kumwokotea meno, akasogeza simu karibu zaidi. Mama mkwe ameapa hakanyagi tena kwangu. Hili, kusema kweli, silihesabu sana kama hasara, lakini nimeliandika kwa ajili ya haki.

3. Hatuwezi tena kudanganyana, na nyumba haiendi bila uongo mdogo mdogo. Mmemfundisha kwamba tabasamu la kweli hufika machoni, na la mdomo peke yake ni la kujilazimisha. Haya. Dada yangu alipotuletea mchumba wake, sote tulimpokea kwa tabasamu. Mume wangu akasimama mbele ya wageni, akaonyesha kwa kidole ni nani ambaye macho yake hayakucheka. Alikuwa dada yangu mwenyewe. Harusi imeahirishwa, nami nilikuwa nimeshakata kitambaa cha gauni.

4. Watoto wameambukizwa. Nikiwakunjia uso, wananishauri nishushe na nyusi ya kushoto.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Kuna mwanamke. Kila jioni mume wangu hujifungia na sura ya mwanamke kwenye kompyuta. Nimechungulia mlangoni nikamwona anavyomvuta pembe ya mdomo kidogo, anaegemea kiti kumtazama, anamrudisha, anamvuta tena, kwa upole ambao mimi sijauona tangu tuoane. Nikiingia anafunika kioo kwa shati. Shati lenyewe nimelishona mimi! Nimemalizia ujana wangu kwa mtu huyu, Mheshimiwa, halafu leo nionee wivu katuni? Naam, naona wivu, basi, nimesema.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, mfelisheni. Mkikosa kosa la kumfelishia, mfelisheni kwa uzee. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na familia yako nyumbani, wanaokuchekea kwa macho na wanaokuchekea kwa mdomo tu.

Wako mtiifu, anayevumilia hadi Ijumaa,
Mke wa Babu Nyusi

Nyongeza: Barua hii nilichelewa kuituma. Leo ndiyo Ijumaa, na mume wangu amerudi. Amefeli. Msahihishaji wenu amesema tabasamu la yule mwanamke lina kosa, upande mmoja wa mdomo unatangulia kupanda na jicho moja linafinyika kuliko la pili. Akamwagiza anakili nusu moja ya uso upande wa pili ili pande zote mbili zilingane, apewe alama zake. Mume wangu amekataa. Amenifungulia kompyuta nikatazama, na nimelia palepale. Mheshimiwa, ule ni mdomo wangu. Unapanda hivyo tangu nizaliwe. Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisini kwako na uso wangu wote, na huyo msahihishaji awepo, anionyeshe kosa liko wapi.