Mganga wa Handeni na Mwasho wa Mzee Shabbir

Mhina alikuwa na kipaji kimoja tu: kuiona shida ya mtu kabla mwenyewe hajaitaja. Asubuhi hiyo, akipita kwenye maduka ya Korogwe mjini, alimwona Mzee Shabbir, muuza vitambaa, akijikuna mgongo kwa rula ya kupimia vitenge. Mzee akahamia kiunoni, kisha akavua kiatu akakuna unyayo. Mhina akamshukuru Mungu kwa moyo safi kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mwasho huo hauna upele, sivyo? Na unazidi ukitaka kulala."

Rula ikabaki hewani. "Umejuaje?"

"Mimi natoka Handeni," akasema Mhina, na Korogwe ukishasema hivyo hakuna anayekuuliza cheti. "Kuna kitu kimefukiwa uani kwako. Nakitoa leo leo. Laki tatu, unalipa ukishapona."

Masharti hayo aliyapenda sana. Mtu akishaiona hirizi ikitoka ardhini, huona aibu kusema hajapona.

Asichojua ni kwamba Shabbir alikuwa mgonjwa wa figo, mwaka wa tatu huo. Shirin, mkewe, akamvuta pembeni.

"Baba Rubina, usinifanyie hivyo! Hela iliyopo ni ya kusafishwa damu wiki ijayo."

"Mwezi mzima sijalala, Shirin. Nimechoka," akasema mzee, na hapo hakutania hata kidogo. "Huyu niachie mimi."

Shirin akaingia jikoni, machozi yakimtoka.

Huko uani mzee akaonyesha pa kuanzia, Mhina akashika jembe. Shimo lilipomfika magotini, hirizi ikateleza kutoka kwenye mkono wa shati lake mpaka udongoni. Kazi safi.

"Hiyo hapo!"

Shabbir akafumba macho, akausikiliza mwili wake. "Mgongo umetulia, kweli. Ila sasa umehamia mguuni. Chimba zaidi, mganga, ipo nyingine."

Nyingine Mhina hakuwa nayo. Akainama, akavua soksi, akaifunga fundo na kuipaka udongo, akaiinua juu kwa kishindo. Mwasho ukahamia kichwani. Ungebishana naye vipi? Anayewashwa ni yeye. Ikatoka soksi ya pili, ikatoka leso, ukatoka mfuko wa shati, na kila kilipotoka kitu mwasho ulipata makazi mapya. Laki tatu hazikuwa mbali, basi Mhina akazidi kuchimba. Kufika alasiri alikuwa amezama mpaka kidevuni, viganja vimejaa malengelenge.

"Mzee," akahema, "sasa je?"

"Bado nawashwa, mwanangu. Ni figo. Hospitali waliniambia zamani. Ila shimo la choo umelichimba sawasawa, halijapinda hata kidogo."

Shirin akaja mbio. Akalitazama shimo, akazitazama zile soksi zilizopangwa ukingoni kwa heshima zote, akaelewa, akaangua kicheko. Shabbir naye akacheka mpaka akakaa chini, akapigapiga mapaja, akaanza upya.

"Jamani, ngazi!" akalia Mhina.

Shirin alikuwa anaitazama mikono ya mumewe, iliyotulia magotini tangu kicheko kianze. Alikuwa hajaiona hivyo siku nyingi. Akamletea Mhina ngazi, chai na maandazi matatu.

"Kula, baba, ushibe," akamwambia kwa upole. "Na kesho uje mapema. Tuna shimo la takataka."