Baba wa Watu Mia Sita na Kumi na Mmoja

Idara ya Kumbukumbu za Koo iliutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna raia atakayekosa baba. Tangazo lilibandikwa mlangoni likiwa na mihuri miwili, wa pili wa kuthibitisha wa kwanza.

Huduma hii ilinifaa sana. Mama yangu alikuwa amefariki, na kwenye jiwe la kaburi ulibaki mstari mmoja: binti wa fulani.

"Huyo fulani niletee kabla ya Ijumaa jioni," fundi mawe aliniambia. "Baada ya hapo nahamia kwa mwanangu. Jiwe likibaki na pengo, mimi simo."

Babu alifariki Mama akiwa bado ananyonya, na bibi akamfuata upesi. Waliomlea Mama walimtaja babu kwa jina moja tu: "yule marehemu." Mama alimuulizia maisha yake yote.

Ni haki nieleze utaratibu wa Idara. Zamani, tarishi wa ofisi alipita nyumba hadi nyumba akikusanya habari za waliozaliwa, na karani akaziandika kwenye daftari kubwa: mtoto, baba, na pembeni aliyeleta taarifa. Mchwa, kwa sababu ambazo bado zinachunguzwa, walipenda zaidi safu ya akina baba. Kamati ya Kuziba Mapengo ilikaa miezi tisa ikazaa uamuzi: baba akiliwa, nafasi yake ichukuliwe na jina lililo jirani, kwenye safu ya pembeni. Kompyuta mpya, iliyokuwa ikikataa safu tupu, ikatulia, na watu mia sita na kumi na mmoja wakapata baba.

Jumatano, karani wa dirishani, mwanamke aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinikabidhi cheti cha Mama kikiwa bado cha moto.

"Baba: Miguu," nilisoma. "Dada, Miguu ndiye nani?"

"Babu yako. Hongera."

"Mbona huyu bwana aliyenitangulia naye kapewa Miguu?"

"Basi salimianeni. Ni ndugu."

Tulipeana mikono. Alikuwa muuza nyama, mrefu kama mlingoti. Mimi nikikaa kwenye kiti cha kawaida miguu yangu huning'inia. Tulikubaliana kwamba kila mtu amefuata upande wa mama yake.

Niliomba marekebisho, nikapelekwa kwa Mkurugenzi. Nyuma ya kiti chake ulitundikwa mchoro wa ukoo wake, uliopanda hadi darini na kuishia kwa mtawala mmoja mwenye ndevu.

"Kumbukumbu haikosei," alisema. "Wanaokosea ni waliozaliwa. Lakini Idara ina huruma. Kuna Kanuni ya Kumi na Nne, niliyoitunga mwenyewe: jina la baba halifutwi bila ridhaa ya baba huyo, ana kwa ana."

"Na kama ameshakufa?"

"Basi alete barua."

Bahati nzuri Miguu alikuwa hai. Nilimkuta uani kwa mpwa wake, mzee wa miaka tisini, ameloweka miguu kwenye beseni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe mjukuu wa ngapi tena?"

"Sijui, babu."

"Tangu Jumatatu wamekuja kumi na saba. Na mimi hata kuoa sikuoa! Nilikuwa tarishi tu."

Nilimweleza habari za Mama. Akafumba macho.

"Nyumba ya mwisho, nyuma ya tanuri la matofali?"

"Ndiyo, huko huko."

"Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kifungo cha sare yangu kilikuwa kinataka kuanguka. Akanikalisha akanishonea, mtoto kamlaza mapajani. Akaniambia, kaandikeni vizuri, huyu ndiye wangu wa kwanza."

Kisha akalitaja jina lake, polepole, mara mbili, nami nikaliandika kiganjani. Nikaendelea kukitazama kiganja. Mzee akajifanya anatafuta kandambili zake, ambazo zilikuwa pale pale mbele yake.

Alhamisi tulikwenda wote idarani. Mkurugenzi hakuinua uso.

"Mzee asubiri kwenye benchi la wazee."

Benchi la wazee lilikuwa limepelekwa kutengenezwa. Mzee akasimama.

Hapo akaingia karani. "Mkuu, cheti chako hiki, kile cha kutundika kesho Waziri akija."

Mkurugenzi alikisoma. Akakigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Akakigeuza tena.

"Mashine imechanganyikiwa! Futa!"

"Kumbukumbu haikosei, mkuu," karani alisema kwa heshima kubwa. "Na Kanuni ya Kumi na Nne inataka ridhaa ya baba, ana kwa ana."

Sote tukamtazama aliyesimama. Mkurugenzi akainuka, akasukuma kiti chake mwenyewe hadi kwa mzee.

"Shikamoo... baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa."

Mzee aliketi, akaitia dole gumba fomu yangu ya marekebisho. "Huyu naye aende kwa wenyewe." Mkurugenzi akaisogeza ya kwake haraka haraka. Mzee akairudisha taratibu.

"Wewe ni kitinda mimba. Ndugu zako mia sita na tisa wako mbele yako. Kapange foleni."

Ijumaa fundi alilichonga jina la babu. Silitaji hapa. Liko kwenye jiwe chini ya jina la Mama, na halina muhuri hata mmoja.

Nikirudi kutoka makaburini nilipita idarani. Mzee Miguu alikuwa bado kwenye kile kiti, akiwaita wanawe mmoja mmoja na kuwasimulia baba zao. Foleni ilizunguka jengo. Gari la Waziri lilikuwa linaingia, na Mkurugenzi, suti yake imelowa jasho, alikuwa anajaribu kupenya.

Muuza nyama aligeuka, akamtazama kutoka juu.

"Mdogo wangu," alimwambia, "usisukume. Baba anatuona."